Tiba ya sumaku kwa aliyeumia ubongo: ukweli ni upi?

Ajali ya pikipiki huisha kwa sekunde chache, lakini aliyeumia kichwa anaweza kuishi nayo miaka, yeye na nyumba nzima. Kijana anatoka hospitali kidonda kimefunga, anatembea, watu wanashukuru. Baada ya wiki mbili tatu yanaanza kuonekana mengine. Anasahau alichoambiwa asubuhi, hasira ziko karibu, usingizi hauji, akisali hajui amefika rakaa ya ngapi. Majirani husema ana kiburi, au kachezewa. Kumbe ni ubongo uliojeruhiwa.

Nyumba kama hiyo hufikiwa haraka na habari za tiba ya sumaku. Huyu analeta bangili, yule anauza godoro la sumaku, na mwingine anaeleza habari za mgonjwa wa ng'ambo aliyetibiwa kwa mtambo. Haya si mambo mamoja, na anayeyachanganya anaweza kupoteza fedha za matibabu.

Tuanze na mtambo, kwani huo ni wa kweli. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kuwa nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Dainamo ya baiskeli hufanya kazi hivyo. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa mji wa Sheffield, Uingereza, waliitumia kanuni hiyo kwenye kichwa cha binadamu. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa, kisha umeme mkubwa hupitishwa humo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu ya sumaku huvuka fuvu bila kukata wala kutoboa, na ndani ya ubongo huzaa umeme mdogo unaoziamsha neva. Koili ikielekezwa kwenye sehemu inayotawala mkono, kidole huruka chenyewe.

Sasa rudi kwenye dainamo. Baiskeli ikisimama, sumaku bado imo na waya bado umo, lakini taa inazimika. Bangili na godoro ni baiskeli iliyosimama. Sumaku iliyotulia haiamshi neva za ubongo, hata muuzaji aape.

Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mtambo wa aina hii kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa hazikuwasaidia. Mgonjwa hukaa macho kwenye kiti, hapewi nusukaputi, na kwa kawaida huhudhuria siku tano kwa wiki kwa wiki nne hadi sita. Watu huidhania kuwa ni ile tiba ya shoti ya umeme, sivyo.

Je, aliyeumia ubongo kwa ajali? Hapa ndipo pa kuwa waangalifu. Watafiti wamejaribu kutibu sonona, maumivu ya kichwa na upungufu wa kumbukumbu baada ya ajali. Majaribio mengi yalikuwa na watu wachache. Baadhi yalionyesha nafuu, na katika mengine waliowekewa koili isiyofanya kazi, bila wao kujua, walipata nafuu karibu sawa na wenzao. Kwa maoni yangu, anayekuahidi kuwa mgonjwa atapona kwa mtambo huu anauza asichokuwa nacho.

Hatari nayo ipo. Mtambo unaweza kusababisha degedege. Hutokea kwa nadra, lakini ubongo wenye kovu la ajali tayari uko karibu na kifafa. Aliyewekewa chuma kichwani, vibanio vya mishipa, mrija wa kupunguza maji ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au betri ya moyo lazima aseme kabla hajakaribia koili.

Tena si tiba ya siku ya ajali. Aliyegonga kichwa akawa anatapika mara kwa mara, anasinzia kupita kawaida, anapata degedege, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa aliye nyumbani, fedha zianzie kwenye mazoezi ya viungo, mazoezi ya kuongea na dawa za kifafa kama ameandikiwa. Mpeni daftari, saa za dawa na za sala ziandikwe humo. Akikaa kimya na kujitenga, mwelezeni daktari, maana sonona baada ya jeraha la ubongo ni jambo la kawaida na ina dawa.

Na ikitokea mmepata nafasi ya kwenda penye mtambo, bebeni picha za kichwa na karatasi ya upasuaji. Ulizeni kama ni tiba au ni utafiti, na kama ni utafiti, nani anaulipia.