Sherehe za milima ya Kivu: mvua, barabara na vita ndivyo vinavyopanga tarehe

Goma. Katikati ya mwezi wa pili, mkulima wa Masisi au wa Rutshuru amekwisha kuvuna maharagi ya msimu wa kwanza, na yale ya msimu wa pili hajamaliza kuyapanda. Mikono inapumzika kidogo, na mfukoni kunabaki franka mbili tatu. Ni majuma ambamo kijana wa mlimani anaweza kushuka mjini bila kugombezwa na baba yake. Na ni katika majuma hayo, tangu mwaka wa 2014, Goma ilizoea kufanya Amani Festival kwenye uwanja wa Collège Mwanga: siku tatu za muziki na dansi chini ya volkano ya Nyiragongo.

Leo swali la tarehe linakuja nyuma ya swali lingine: barabara gani iko wazi? Ndiyo hali ya sherehe nyingi za milima yetu, kutoka Beni hadi Bushi. Waimbaji wako, wachezaji wako, wauzaji wako. Kinachokosekana ni njia ya kufika na uhakika wa kurudi nyumbani.

Kalenda ya udongo

Kabla ya festival zenye mabango na bafle kubwa, milima ilikuwa na kalenda yake, na bado inayo. Mvua ya mwezi wa tisa inaanzisha msimu wa kwanza wa kupanda. Mavuno yanakuja mwaka mpya ukiisha kuingia. Kisha udongo unapigwa jembe tena mwezi wa pili au wa tatu, na mavuno ya pili yanafika karibu na kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, mvua inapungua, barabara za udongo zinakauka, na hapo ndipo familia zinapopeleka mahari, zinapofunga ndoa na kuondoa matanga. Mwenye kuoa mwezi wa nne, wakati wa matope, anajua kwamba nusu ya wajomba watabaki njiani.

Katika Bushi, wazee wanakumbuka mubande, sherehe ya mwami iliyofungamana na mtama na wakati wa kupanda. Haikuwa ngoma tu. Mwami alishika mbegu mbele ya watu, na kwa hilo mwaka wa kilimo ulianza kwa wote. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda inafanya umuganura, sherehe ya mavuno, mwezi wa nane. Majina yanatofautiana, lakini mlima unaweka tarehe kwa namna moja: shamba kwanza, ngoma baadaye.

Hata sherehe za mjini zimefuata njia hiyo bila kuitangaza. Tamasha la filamu la Goma, Salaam Kivu, lililoanzishwa na msanii Petna Ndaliko Katondolo pamoja na kituo cha Yolé!Africa, lilizoea kufanyika mwezi wa saba, masomo yakiisha kufungwa na mvua ikiwa imeondoka. Sinema ya nje na mvua ya Goma havipatani.

Siku tatu, dola 1 kwa siku

Amani Festival yenyewe ilizaliwa kwa kuchelewa. Mwezi wa kumi na moja wa 2012, waasi wa M23 waliingia Goma, wakatoka siku chache baadaye. Festival ilikuwa imepangwa mwezi wa nane wa 2013, lakini mapigano yalikuwa karibu na mji, ikabidi iahirishwe. M23 ilishindwa mwishoni mwa mwaka ule, na mwezi wa pili wa 2014 milango ikafunguliwa kwa mara ya kwanza.

Mwandishi wa habari hii alikuwa bado mwanafunzi. Anakumbuka vumbi jeusi la lava lililopanda kila watu waliporuka, na mlolongo mrefu wa watu kwenye mlango. Kuingia kulikuwa dola 1 kwa siku. Kwa wengi wetu ilikuwa mara ya kwanza kusimama usiku katikati ya maelfu ya watu bila kukimbia kitu. Tangu utoto, tulipoona watu wengi vile njiani, walikuwa na magodoro kichwani.

Miaka iliyofuata, waandalizi walihesabu watu zaidi ya 30.000 kwa siku tatu. Vikundi vya dansi vya kata za Goma vilishindana, mashirika yakaweka meza zao, vijana wenye mawazo ya biashara wakayaonyesha. Wasanii wa nje walikuja, lakini waliopigiwa makelele zaidi mara nyingi walikuwa wa hapa, wale ambao wasikilizaji walisoma nao.

Wazo la festival lilikuwa rahisi: vijana wa makabila mbalimbali, wanaosikia tu mabaya kila mmoja juu ya mwenzake, wasimame mbele ya jukwaa moja. Hakuna anayeweza kusema kwamba siku tatu za muziki zinamaliza vita. Lakini katika jimbo ambalo mtu anaulizwa jina lake na kijiji chake kwenye kila kizuizi, uwanja ambao mtu anaulizwa tiketi peke yake si kitu kidogo.

Sambaza, michopo na kitenge

Kuna festival nyingine, ile isiyoandikwa kwenye bango. Inaanza majuma mawili mapema. Mshonaji anapokea kitenge cha kikundi cha dansi na kudai nusu ya malipo. Fundi wa umeme anatafuta mafuta ya jenereta. Wamotari wanapatana bei ya usiku. Mama wa michopo anaenda kuangalia mbuzi kabla bei haijapanda, kwa sababu wote watapanda bei pamoja.

Muuzaji wa sambaza ana hesabu yake ya pekee. Samaki hao wadogo wa ziwa Kivu wanavuliwa usiku kwa taa, na wavuvi wanajua kwamba usiku wa mwezi mkubwa mitego inarudi nyepesi, kwa kuwa taa ya mvuvi haishindi mwanga wa mwezi. Festival ya kwanza ya 2014 iliangukia mwezi mpevu. Watu walitaka sambaza na ziwa lilitoa kidogo. Mwenye kuijua tarehe mapema anakausha akiba. Mwenye kuijua siku mbili mbele anauza kile alichopata.

Hapa ndipo kuahirisha kunapouma. Mwimbaji mkubwa anaweza kurudishiwa gharama au kuimba mahali pengine. Mama aliyekopa kwenye likilimba ili anunue mbuzi watatu hana mkataba. Sherehe inapoahirishwa juma moja kabla ya kuanza, hakuna tangazo linalomtaja, na deni lake halisogei mbele pamoja na tarehe.

Kucheza wakati ndugu wako kambini

Swali moja limerudi karibu kila mwaka, nalo ni la haki. Inafaa kupiga muziki Mugunga na Kanyaruchinya zikiwa zimejaa wakimbizi wa vita? Kwa nini dola zile zisinunue unga na maturubai?

Wenye kuuliza hivyo hawachukii muziki. Wengi wao walilala chini ya turubai wenyewe. Baada ya Nyiragongo kutapika lava tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava ilipofika Buhene na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, hata watu wa Goma waliojiona wenye nyumba walijifunza maisha ya godoro kichwani. Miezi michache baadaye, mwezi wa pili wa 2022, festival ilifanyika. Wengine waliona ni mji unaoamka. Wengine waliona ni mji unaosahau upesi.

Jibu la kwamba pesa za festival hazingetosha kulisha kambi ni la kweli, ila halimalizi swali. Ukweli mwingine ni kwamba kambini watu hawakuacha kuimba. Walifunga ndoa, walibatiza watoto, kwaya zilifanya mazoezi kati ya hema na hema. Aliyekimbia vita hahitaji kuruhusiwa na mtu ili afurahi. Anachokosa ni nauli, na mlango unaomwona kama mgeni wa sherehe. Festival inayofanyika karibu na kambi ipimwe kwa hilo: wangapi kutoka kambini waliingia, na wangapi waliuza kitu ndani ya uwanja.

Tangu mwisho wa 2021 vita ilirudi Rutshuru. Bunagana ilianguka mwezi wa sita 2022, na Goma ikachukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Mwezi wa pili uliofuata, uliokuwa mwezi wa dansi, Goma ilikuwa inazika watu. Kambi zilizozunguka mji zilivunjwa. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafungwa, na biashara ndogo iliyoishi kwa pesa za mkononi ikabaki bila mzunguko.

Volkano zile zile, upande mwingine

Kutaja ng'ambo ya mpaka wakati wa vita hii kunawauma Wakongomani wengi, na tunaelewa kwa nini. Lakini milima ni ile ile, na ulinganisho una kitu cha kufundisha.

Upande wa Rwanda wa Virunga, karibu na Kinigi, kila mwaka tangu 2005 kunafanyika Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila, kwa mfano wa desturi ya kumpa mtoto wa binadamu jina. Sehemu ya mapato ya mbuga, sasa asilimia 10, inapelekwa kwa wakaaji wa karibu. Gorila hawana habari na mpaka: hesabu iliyotolewa 2018 ilionyesha gorila 604 katika milima yote ya Virunga, ya Congo, Rwanda na Uganda pamoja. Mbuga yetu ya Virunga ilianzishwa 1925, ya kwanza Afrika kuitwa mbuga ya taifa, na 2025 ilitimiza miaka 100. Ilitimiza miaka hiyo wakati sehemu kubwa ya eneo la gorila ilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha.

Kaskazini zaidi ni Ruwenzori, ambayo kilele chake, Margherita, kina mita 5.109. Upande wa Uganda, mji wa Kasese umekuwa na marathoni ya kila mwaka tangu 2022. Wakonzo wa Kasese na Wanande wa Beni ni ndugu wa lugha. Soko la Kasindi linawakutanisha kila siku. Upande wetu, Mutwanga, njia ya kupanda mlima huo huo, ilijua wageni zamani. Lakini mauaji ya ADF katika teritware ya Beni yamefanya hata kwenda shambani kuwa hatari. Mkulima anayeogopa kufika kwenye kakao yake hawezi kuambiwa aandae mbio za wageni.

Tofauti kati ya pande hizi mbili haiko katika uzuri wa mlima wala katika akili za watu. Iko katika mambo matatu yasiyo na muziki: barabara ambayo mtu anarudi akiwa mzima, tarehe inayojulikana mwaka mzima mbele, na pesa ambazo mwenye shamba kando ya mbuga anaziona kwa macho. Penye mambo hayo, sherehe inajijenga yenyewe. Yasipokuwepo, hata msanii mkubwa anaacha nyuma uwanja mtupu na madeni.

Kile ambacho hakijaahirishwa

Ingekuwa kosa kusema kwamba sherehe zimekwisha Kivu. Zimepungua ukubwa, zikaingia ndani ya ua. Siku ya posho bado kuna magari yaliyofungwa maua yakipiga honi mjini. Siku ya yenga kwaya zinavaa kitenge kimoja. Mwisho wa masomo, shule zinasoma majina ya waliofaulu na wazazi wanamwaga unga juu ya vichwa vya watoto wao. Kasiksi inachemka kwenye ndoo mlimani kama zamani.

Hizo ndizo sherehe ambazo vita haijaweza kuahirisha, kwa sababu mtu anaenda kwa miguu. Lakini pia zinakutanisha wale wanaojuana tayari: familia moja, kanisa moja, kilima kimoja. Kilichopotea pamoja na festival ya mwezi wa pili ni kile cha pili, siku ambazo kijana wa Masisi, wa Nyiragongo na wa Kalehe walisimama bega kwa bega bila kufahamiana.

Kwa hiyo siku tarehe itakapotangazwa tena, jina la mwimbaji halitakuwa jambo la kwanza la kuangalia. Tuangalie kama basi la Sake limepita bila kulipa kwenye vizuizi, kama boti la Bukavu limejaa, kama mama wa sambaza aliambiwa mapema hata akausha akiba yake. Hao wakifika, muziki hautakosa wa kuupiga.