Brashi ya Kunyolea: Ioshwe, Ikaushwe, Isiazimwe

Ndugu msomaji, brashi yako ya kunyolea ndevu iko wapi sasa hivi? Wengi mtanijibu kwamba iko ndani ya kopo lake, pamoja na wembe na kipande cha sabuni. Basi hebu kalichukue kopo hilo. Lifungue, unuse. Kama umesikia uvundo, makala haya ni yako.

Mzee mmoja wa darasa letu la jioni alikuja na vipele shingoni. Akaniambia, "Mwalimu, sabuni za siku hizi ni mbaya." Nikamwamini, kwani hata mimi sabuni za siku hizi nazilaumu kwa mambo mengi. Akabadilisha sabuni mara mbili. Vipele vikabaki palepale. Siku moja nikapita kwake kumsalimia, nikamkuta ananyoa uani. Alipofungua kopo lake, harufu ilinifikia nikiwa bado mlangoni. Kumbe brashi ilikuwa imelala humo tangu Jumapili, mbichi, na shina la nywele zake limeota ukungu mweupe. Sabuni haikuwa na kosa.

Niseme mapema kwamba si kila kipele cha ndevu kinatokana na brashi. Sisi wenye nywele za kujikunja tukinyoa sana, ncha ya unywele hurudi ndani ya ngozi na kuleta kipele. Hilo ni jambo jingine. Lakini brashi chafu ikipita juu ya vipele hivyo, vinatunga usaha.

NYWELE ZA MNYAMA

Kwanza tujue brashi ni kitu gani. Brashi za zamani, na nyingine za leo, hutengenezwa kwa nywele za wanyama. Ziko za nguruwe, na hizi ni za bei nafuu. Ziko za singa za farasi. Ziko pia za mnyama mmoja wa Ulaya na Asia, jamaa wa mbali wa nyegere wetu. Hizo ni ghali, huku vijijini ni nadra kuziona. Siku hizi ziko na brashi za nailoni, ambayo si nywele bali ni kitu cha kiwandani.

Utajuaje yako ni ya aina gani? Chukua unywele mmoja uliodondoka wenyewe, usiung'oe. Uguse kwenye moto wa kibiriti. Ukinuka kama ukucha ulioungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, huo ni unywele wa mnyama. Ukiyeyuka na kuwa kitone kigumu, ni nailoni. Ndugu zetu Waislamu watapenda kujua zaidi: kwa kawaida neno la Kiingereza "bristle" likiandikwa kwenye mpini, maana yake ni nywele za nguruwe. Haya, kusoma kunafaa hata dukani.

Unywele wa mnyama umeumbwa kwa kitu kilekile kilichoumba kucha zetu, kwato na pembe. Kitu hicho hunyonya maji. Brashi ya nguruwe ikiwa kavu ni ngumu kama ufagio, lakini ukiiloweka dakika 1 au 2 inalainika. Tena kila unavyoitumia, ncha za nywele zake hupasuka na kuwa laini zaidi. Kwa hiyo brashi mpya ikikuchoma usoni usiitupe, ivumilie. Ikitoa harufu ya mnyama, ioshe kwa sabuni mara mbili tatu, harufu itakwisha. Ikidondosha nywele chache siku za kwanza, ni kawaida.

Kazi ya brashi ni kupeleka maji na povu kwenye ndevu. Ndevu zikishanywa maji zinalainika, wembe unapita bila kuvuta, na wembe wenyewe unadumu. Lakini kitu kinachokunywa maji hukawia kukauka. Na pale kwenye shina, nywele zimebanana sana. Hapo ndipo sabuni hubaki, maji hubaki, na vijidudu hukaa kama wako nyumbani.

JINSI YA KUIOSHA

Ukimaliza kunyoa, ioshe brashi wakati huohuo, kabla hata hujajifuta uso. Sabuni ikikaukia ndani itakusumbua. Tumia maji safi ya baridi, au ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Ielekeze chini, uzifungue nywele kwa vidole ili maji yafike kwenye shina. Endelea mpaka maji yanayotoka yawe meupe, bila povu. Watu wengi hukoma ncha zinapokuwa safi. Ncha si tatizo, tatizo ni shina.

Kisha ikamue kwa kuibana kiganjani. Usiisokote kama nguo, utazikata nywele. Ikung'ute mara tatu nne, uipanguse kwenye kitambaa kikavu, halafu uiweke mahali penye upepo na kivuli. Wengine huuliza: isimamishwe au ininginizwe? Mimi naona yote ni sawa, ilimradi nywele zisiguse kitu na upepo upite. Msumari mmoja ukutani na kipande cha uzi kwenye mpini vinatosha. Usiikaushe juu ya figa wala karibu na jiko la mkaa. Moto huzifanya nywele zikatike, na mpini wa mti hupasuka.

Na lile kopo? Kopo ni la brashi iliyokwisha kukauka. Brashi mbichi isifunikwe. Kama ni lazima usafiri nayo, ifunge kwenye kitambaa, na ukifika itoe kwanza kabla ya kusalimia. Lakini ikiwa kavu na huitumii kwa siku nyingi, hapo ifunike vizuri, maana panya, mende na viwavi vya nondo hula nywele.

Sasa, wenzetu wanaotumia maji ya visima vyenye chumvichumvi, maji ambayo sabuni haitoi povu haraka, wana taabu nyingine. Chokaa iliyomo ndani ya maji hushikana na sabuni na kufanya ukoko mweupe. Ni ukoko uleule unaouona pembeni mwa beseni la kufulia. Ukoko huo ukijaa kwenye shina, brashi inakuwa ngumu, nywele zinaanza kukatika, na sabuni tu haiutoi. Dawa yake ni kitu kichachu. Chukua glasi moja ya maji ya vuguvugu, utie kijiko kikubwa kimoja cha siki. Ukikosa siki, kamulia nusu ya limau na uchuje kokwa. Chovya nywele peke yake, usizamishe mpini. Ngoja dakika 5. Suuza sana, ipake sabuni ya kuogea, suuza tena. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, au unapoona weupe umerudi. Wakati wa masika kinga maji ya mvua, hayana chokaa, ndiyo mazuri kuliko yote kwa kazi hii. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie. Inazikausha nywele hadi zinakatika.

KWA NINI ISIAZIMWE

Siku ya gulio nilikaa kidogo kwa kinyozi mmoja anayenyolea chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

"Mzee, brashi hii huwa unaichemsha?"

Akacheka. "Niichemshe? Ile ya kwanza niliichemsha, ikanyonyoka kama kuku. Hii siichemshi ng'o."

"Na wembe je?"

"Ah, wembe kila mtu na wake. Tulikwisha fundishwa hilo."

Asubuhi hiyo alikuwa ameshanyoa watu wanane kwa brashi ile moja, na jua lilikuwa halijafika utosini.

Mzee yule hakusema uongo. Brashi ya nywele haichemshiki. Maji ya moto sana huziharibu nywele na kuilegeza gundi inayozishika kwenye mpini. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nayo inaua vijidudu, lakini huula unywele wenyewe. Spiriti huzikausha nywele, huondoa rangi ya mpini, na si kila kijidudu inakiua. Sasa tufikiri pamoja. Kama kitu kinagusa uso wa mtu, na pengine damu ya mtu, na hakiwezi kuchemshwa, je, tutakisafishaje vya kutosha ili kimguse mtu mwingine? Nyumbani, au chini ya mwembe, hatuwezi. Ndiyo maana brashi ni ya mtu mmoja, kama mswaki wa meno.

Wembe ukikukwaruza, hata pasipoonekana damu, brashi ikipita tena inachukua kidogo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili wa mtu kwa siku 7 vikiwa bado vina nguvu ya kuambukiza. Virusi vya UKIMWI ni dhaifu zaidi nje ya mwili, lakini hiyo si ruhusa ya kuchezea damu. Choa na majipu nayo huenea kwa njia nyepesi tu ya vyombo vya kunyolea. Kwa hiyo tulipotenga nyembe tulifanya vizuri, ila tuliishia katikati ya njia.

Nilimwambia kinyozi: mteja mwenye brashi yake aje nayo, asiye nayo ajipake sabuni kwa mkono wake mwenyewe uliooshwa. Akasita. "Mwalimu, povu la brashi ndilo linaloniletea wateja." Nikamwelewa, hiyo ni riziki yake. Tukaafikiana ajaribu gulio lijalo. Nilipopita tena, brashi mbili zilikuwa zimening'inia kwenye tawi, kila moja na kitambaa chake cha rangi. Wenyewe walikuwa wazee wawili waliofuata ushauri. Wengine walikuwa wanajipaka kwa mkono huku wananung'unika.

BRASHI NA KIMETA

Kuna jambo moja zaidi, na kwetu wafugaji hili ni kubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanza mwaka 1914, brashi nzuri za Uingereza na Marekani zilitengenezwa kwa nywele za yule jamaa wa nyegere, na nywele hizo zilipitia Urusi na Ujerumani. Vita ikaifunga njia hiyo. Watengenezaji wakageukia singa za farasi kutoka Asia, wakazitia rangi zifanane na zile za zamani. Wakati huohuo askari wengi walihitaji brashi. Walitakiwa kunyoa ndevu ili vinyago vya kujikinga na gesi ya sumu vibane vizuri usoni. Singa nyingi hazikusafishwa inavyotakiwa, na nyingine zilitoka kwa wanyama waliokufa kwa kimeta. Kati ya mwaka 1915 na 1924 watu zaidi ya 200 waliugua kimeta kwa sababu ya brashi za kunyolea, wengi wao askari. Baadhi yao walikufa. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingiza brashi za kunyolea kutoka Japani.

Mbegu za kimeta ni ngumu mno. Zinaweza kukaa ardhini, au katika ngozi na nywele kavu, kwa miaka mingi sana. Spiriti haiziui. Zikiingia kwenye mkwaruzo, hutokea kipele, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe pembeni, na mara nyingi hakiumi. Hicho kutokuuma ndiko kunakowadanganya watu. Mwenye kidonda cha namna hiyo aende zahanati siku hiyohiyo. Dawa zipo, na akiwahi anapona.

Brashi za viwandani za leo nywele zake husafishwa kwanza, kwa hiyo usiogope ya dukani. Hofu yangu ni hizi tunazotengeneza wenyewe. Fundi seremala mmoja alinionyesha brashi aliyoitengeneza kwa mikono yake, mpini wa mninga, nywele ni singa za mkia wa ng'ombe. Kazi safi, nikaisifu. Halafu nikamwuliza ng'ombe alitoka wapi.

"Ng'ombe wa jirani. Alikufa ghafla usiku. Nyama waligawana, mimi nikaomba mkia."

Nikamwuliza kama alitoka damu puani. Akanyamaza, kisha akasema yeye alifika asubuhi, hakuangalia. Ng'ombe anayekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, hachunwi, haliwi, wala hakatwi mkia. Si kwa brashi, si kwa usinga. Anayeitwa ni afisa mifugo. Sisi tulimpelekea habari siku ileile, ingawa ng'ombe alikwisha kuliwa, naye akaenda kuwaangalia waliobaki zizini na waliokula ile nyama akawapeleka zahanati.

Fundi aliisokomeza brashi yake motoni, ikaungua yote na mpini wake. Aliionea huruma, nilimwona. Sasa anatumia ya nailoni aliyoinunua gulioni, na ameigongelea msumari karibu na dirisha la karakana yake.