Ukirudi kwenye meza ya puli, chagua fimbo inayoufaa mwili wako

WATU wengi waliocheza puli wakiwa vijana hurudi mezani baada ya kupita miaka kumi au ishirini. Wengine hurudi kwa kuwa watoto wamekua na nafasi imepatikana jioni. Wengine wameonywa na daktari wasikae kitini kutwa nzima, na huu ndio mchezo wanaoumudu na kuupenda.

Lakini wao hurudi wakiwa na mwili mwingine. Mgongo umeanza kulalamika, macho hayaoni vitu vya karibu kama zamani, na vidole huuma nyakati za baridi. Hata hivyo, mtu huchukua fimbo yoyote iliyoegemezwa ukutani, au hukimbilia ile ya bei ghali zaidi dukani. Baada ya wiki mbili kiwiko kinamuuma na anaacha kucheza, akisema amezeeka. Mara nyingi umri husingiziwa bure. Fimbo na jinsi ya kuishika ndizo zenye lawama.

Uzito

Fimbo nyingi za puli huwa na uzito wa kati ya aunsi 18 na 21, yaani gramu 510 hadi 595. Kanuni za WPA, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinaruhusu hadi aunsi 25, lakini ni wachezaji wachache wanaohitaji mzigo huo.

Anayerudi mchezoni ni vyema aanze na aunsi 18 au 19. Fimbo nzito humshawishi mtu kuikaza mkononi. Kadiri anavyoikaza ndivyo misuli ya mkono inavyovuta kano zilizoshikamana na kiwiko, na zikivutwa mara mia moja kwa jioni moja, huvimba na kuuma. Jipime hivi: ukiwa tayari kupiga, tazama mkono wako wa nyuma. Mishipa ikiwa imetokeza, unakaza mno. Fimbo ilale juu ya vidole, na kidole gumba kining'inie tu.

Urefu

Urefu wa kawaida ni inchi 57 au 58, karibu sentimita 145 hadi 147. Huo huwatosha watu wazima wengi. Kipimo bora ni mwili wenyewe. Inama kama unayetaka kupiga, ncha ikikaribia kugusa mpira mweupe. Kutoka kiwiko kwenda chini, mkono wa nyuma uning'inie wima kama kamba yenye jiwe. Ikiwa mkono umefika mwisho kabisa wa fimbo na bado haujawa wima, fimbo hiyo ni fupi kwako. Ukilazimika kujikunyata ili uifikie mipira, tatizo ni mahali unaposimama wala si fimbo.

Jihadhari na zile fimbo za baa zilizokatwa ili zisigonge ukuta. Ni za kujiokoa pembeni, si za kuchezea mchezo mzima.

Ncha na kishikio

Kwanza fahamu meza utakayochezea. Meza ndogo za kutia sarafu zenye mipira ya milimita 51 hufaa fimbo ya ncha nyembamba, milimita 8 hadi 10. Mipira mikubwa ya Kimarekani, ya milimita 57, huhitaji ncha ya milimita 12 au 13.

Ncha ni ya ngozi, na iwe na mviringo kidogo kama ukingo wa sarafu ndogo. Ikiwa imebapa au imeng'aa kama kioo, itateleza juu ya mpira, nawe utaanza kupiga kwa nguvu zaidi ili kufidia. Kubadilisha ncha ni kazi rahisi na hugharimu pesa kidogo sana ukilinganisha na kununua fimbo mpya.

Wenye baridi yabisi ya vidole wachague kishikio kinene kidogo, kilichozungushiwa raba au uzi. Kishikio chembamba chenye rangi ya kung'aa huteleza mkono ukitoa jasho, na mtu hujikuta amekikaba.

Kabla ya kulipa, ivingirishe fimbo polepole juu ya meza. Ukiona mwangaza chini yake ukipanuka na kufinyika, imepinda. Ikiwa ni ya vipande viwili, hakikisha vinakaza vizuri na havitoi mlio unapoigonga.

Macho

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza wepesi wake wa kubadilika, na watu wengi huhitaji miwani. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya kusoma chini, humsumbua mchezaji, kwani akiinama hutazama kupitia ukingo wa juu au juu ya fremu kabisa.

Dennis Taylor wa Ireland Kaskazini alitatua shida hiyo kwa miwani mikubwa iliyoonekana kama imevaliwa juu chini. Akiwa nayo, mwaka wa 1985 alimshinda Steve Davis kwa fremu 18 kwa 17 katika fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka. Mweleze mpimaji wa macho kwamba unataka kuona vizuri umbali wa mita moja hadi mbili ukiwa umeinamisha kichwa. Huenda hilo likakusaidia kuliko fimbo yoyote.

Chaki na mikono

Chaki ya puli si ile ya ubaoni. Hutengenezwa kwa unga mgumu wa mawe ili ncha ishike mpira. Mwaka wa 1996 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliogundua madini ya risasi katika baadhi ya chaki hizo. Kwa hiyo usiipulize ncha mbele ya uso, usiwaachie watoto vipande vyake, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyama choma. Mwenye pumu aepuke pia vumbi la poda ya mikono.

Mgongo

Inama kutoka kwenye nyonga, magoti yakilegea kidogo, badala ya kuupinda mgongo. Nyoosha mwili kila zamu yako inapokwisha. Wiki za kwanza cheza kwa nusu saa au dakika arobaini, kisha uongeze taratibu.

Mwone daktari ukihisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, au maumivu ya kiwiko yasiyoisha kwa wiki kadhaa. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni pamoja na udhaifu wa mguu au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Isitoshe, puli ni zoezi jepesi tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Puli haitoshi kuchukua nafasi hiyo, ingawa kutembea hadi ukumbini na kurudi kunahesabika. Na aliyekatazwa pombe atafute meza iliyo mbali na kaunta, kwa maana fimbo nzuri haimsaidii mtu anayerudi nyumbani mgonjwa.

Usinunue chochote mwezi wa kwanza. Jaribu fimbo tatu au nne za wenzako, uangalie ni ipi uliyoicheza jioni nzima na asubuhi ukaamka bila maumivu. Nunua inayofanana na hiyo.