Nukta na Vumbi: Ukali wa Picha katika Kunakili Miswada kwa Skana ya Mkono

Asomaye mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu huishi kwa nukta. Herufi te na herufi nuni zianzapo neno huwa na umbo moja. Tofauti yake ni kwamba te ina nukta mbili juu, na nuni ina moja. Hivyo maneno tia na nia hutenganishwa na nukta moja tu. Nukta mbili za te zikiungana katika picha, msomaji hupata neno jingine lenye maana kamili, wala hana sababu ya kulishuku.

Skana ya mkono, yaani ile iburutwayo juu ya ukurasa, ina safu moja ya vihisi vya mwanga, nayo hunakili ukurasa mstari baada ya mstari. Kwa kipimo cha vitone 300 kwa inchi, kila kitone huwakilisha takriban milimita 0.085 za karatasi. Kwa 600, takriban 0.042. Wengi huridhika na tarakimu hizo. Lakini hizo ni hesabu ya vitone, si ya ukali wa picha.

Katika skana nyingi za aina hii lenzi hazirekebishwi: zimelengwa kwa karatasi iliyogusana na kioo. Karatasi ikiinuka kidogo tu, kama inavyoinuka karibu na mshono wa kitabu, mwanga utokao mahali pamoja huangukia vihisi kadhaa, na nukta zilizo jirani huyeyukiana. Kuongeza kipimo hapo ni kuuchora ukungu uleule kwa vitone vingi zaidi. Ukurasa usiolazika wafaa kupigwa picha kwa kamera iliyosimamishwa juu yake. Na karatasi iliyokwisha kuanza kumeguka isipitishiwe magurudumu ya skana kabisa, hata picha ingetoka safi namna gani.

Uchafu una dalili zake. Chembe ya vumbi iliyo juu ya karatasi huonekana kama kitone kimoja, kitone kiwezacho kudhaniwa nukta. Chembe hiyohiyo ikikaa juu ya kioo cha skana, husafiri nacho na kukiziba kihisi kilekile mwanzo hadi mwisho. Ndipo huzuka mstari mwembamba unaofuata njia ya skana, ukifunika kila nukta iliyo chini yake. Mafuta ya kidole hayachori mstari ulio wazi: hutawanya mwanga, na wino hafifu ukafanana na karatasi.

Kwa hiyo, kabla ya kazi, yafaa kunakili karatasi nyeupe tupu. Mstari ukionekana, kioo kipanguswe kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Maji yakihitajika, kiloweshwe kidogo kitambaa, si kioo. Picha ya karatasi hiyo tupu ihifadhiwe pamoja na picha za mswada, ili msomaji wa baadaye aweze kupambanua mstari wa mwandishi na mstari wa vumbi.