Mpunga 'umepanda' au 'umepandwa'? Maneno pacha yanayochanganya kwenye meseji

Mnunuzi wa mchele yuko Dar es Salaam. Simu inaita, meseji ya maneno mawili imeingia kutoka Ubaruku, wilayani Mbarali: "Mpunga umepanda."

Kwa mfanyabiashara ujumbe huo ni mmoja tu: bei imepaa. (Neno 'paa' nalo lina mambo yake, litafuata.) Lakini kama mtumaji alitaka kusema miche imeshaingia kwenye majaruba, alipaswa kuandika "umepandwa". Herufi moja tu, na mtu anaweza kujikuta anahangaika kutafuta hela ya kuongeza leo, kumbe ni suala la kusubiri mavuno kwa miezi kadhaa.

Chanzo ni kitenzi 'panda'. Kuna kupanda kwa kuweka mbegu ardhini, na kuna kupanda kwa kwenda juu: mti, basi, bei. Mkulima wa bonde la Usangu akiandika "Nimepanda leo asubuhi", aliye mbali hajui kama yuko kwenye tope au yuko kwenye basi la Mbeya. Hapo bado haijatajwa panda ya mti, pale tawi linapogawanyika, ambayo watoto huitengenezea manati.

Maneno ya aina hii wanaisimu huyaita homonimu: umbo moja, maana zisizohusiana. Kamusi huyaingiza mara mbili au tatu, kila moja na namba yake ndogo. Ni tofauti na polisemia, ambapo neno moja limezaa maana nyingine. Mfano ni 'kiboko'. Mjeledi uliitwa hivyo kwa sababu ulitengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo, na leo mtaani fundi hodari naye ni kiboko.

Kwenye mashine za kukoboa mpunga kuna neno jingine la kuangalia: 'chenga'. Ni punje zilizovunjika, na mchele wenye chenga nyingi hushuka bei. Uwanjani, chenga ni ile ya kumpita beki. Kwa hiyo "mzigo huu hauna chenga" ni sifa, lakini "mnunuzi huyu ana chenga" ni onyo, tena la kusikilizwa kabla ya kupakia magunia. Hata Ubaruku yenyewe ni kata, na kata ni pia kuchukua kisu na kugawa kitu, au kifuu chenye mpini cha kutekea maji.

Yapo maneno ambayo mdomoni hayafanani kabisa, yanafanana kwenye maandishi tu. 'Barabara' ukiweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, baraBAra, ni njia ya magari. Ukiurudisha nyuma, baRAbara, ni sawasawa. 'Mbuni' ikitamkwa kwa silabi mbili, mbu-ni, ni ndege mkubwa asiyeruka. Kwa silabi tatu, m-bu-ni, ni mti wa kahawa, au mtu aliyebuni kitu.

Na 'paa'? Kwa wazungumzaji wa pwani, hasa Mombasa na Lamu, paa mnyama hutamkwa kwa kusukuma pumzi kwenye 'p', wakati paa la nyumba halina pumzi hiyo. Bara wengi hawaitofautishi. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, haina alama ya pumzi hiyo wala ya mkazo. Lugha nyingi za Kibantu, Kihehe cha Iringa kikiwamo, hutumia pia toni kutenganisha maneno. Kiswahili kiliipoteza.

Kinachookoa ni upatanisho wa kisarufi. "Paa limevuja" na "paa amekimbia" haziwezi kuchanganywa. "Mbuzi amepotea" ni hasara ya mfugaji; "mbuzi imepotea", leo hakuna wa kukuna nazi.

Sasa meseji fupi huondoa hayo yote. "Niletee mbuzi" haina kiambishi cha kusaidia, na sauti ya mtumaji haipo. Programu ya kutafsiri nayo hapo inabahatisha tu. Dawa ni kuongeza neno moja: "bei ya mpunga imepanda", "nimepanda basi", "mbuzi ya nazi".

Kwenye muda ni hivyo hivyo. "Dereva wa fuso anasema usubiri saa mbili" inaweza kuwa dakika 120, inaweza kuwa mpaka usiku saa mbili. Kama mzigo uko nje na wingu limetanda, mpigie.