Kinywa Husema Sijambo, Moyo Wasemaje?

Wewe unayevuka Ghuba ya Chole unajua kwamba kina cha maji hakijulikani kwa kutazama juu tu. Maji yakipwa, hutia pondo, ukapima, ndipo ukapita. Mwili wa mgonjwa nao ni hivyo hivyo. Lazima upimwe.

Siku moja alikuja zahanati mvuvi wa pweza kutoka Jibondo. Jino lilikuwa likimwuma siku sita. Shavu lilivimba mpaka chini ya taya. Alisema, "Mganga, mimi sijambo. Ning'oe tu, maji yakijaa nirudi." Nikamjibu, "Subiri kidogo, baba, nikupime kwanza."

Moyo wake ulipiga mara 124 kwa dakika moja. Alivuta pumzi mara 26. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, naye huvuta pumzi mara 12 hadi 20.

Je, ilikuwa hofu ya koleo? Hofu pia huufanya moyo uende mbio. Nikamketisha kivulini robo saa. Hofu ikipungua, mapigo nayo hupungua. Nikahesabu tena: 122. Joto lake lilikuwa nyuzi 39. Basi haikuwa hofu. Usaha ulikuwa unaenea, na uvimbe wa chini ya ulimi huweza kuziba njia ya pumzi. Tulimvusha mpaka Utende, akapelekwa kwa gari hospitali ya wilaya, Kilindoni. Alipona.

Katika hospitali nyingine kubwa, mwenye hofu huvutishwa hewa iitwayo nitrasi oksaidi, iliyochanganywa na oksijeni. Hewa hii hutuliza, lakini mgonjwa hubaki macho na hujibu akiitwa. Mwaka 1844, huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliivuta akang'olewa jino lake mwenyewe. Mwaka 1845 aliwaonyesha watu mjini Boston. Mgonjwa akalia, wakamcheka Wells. Yeye alisema mfuko wa hewa uliondolewa mapema mno.

Siku hizi daktari hakisii. Anapotoa hewa hiyo huangalia pumzi, mapigo na presha. Kifaa kidogo hubanwa kidoleni kuonyesha oksijeni iliyomo katika damu. Mwishoni mgonjwa hupewa oksijeni tupu kwa dakika chache.

Zahanati yetu haina hewa hiyo. Tuna sindano ya ganzi. Lakini kazi ya kupima ni ile ile.

Jifunze nawe. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba, maana kina mapigo yake. Tazama saa, hesabu dakika moja nzima.

Kumbuka mambo haya:

1. Kabla ya kung'olewa jino, mwambie mganga kama una presha, pumu, mimba, au unatumia dawa yoyote.

2. Ukichomwa ganzi, ukasikia kizunguzungu au masikio yakivuma, sema mara moja.

3. Uvimbe wa taya pamoja na homa, au shida ya kumeza, usingoje kesho.

Ndugu msomaji, usimfiche mganga kwa kuona haya. Kinywa chaweza kusema sijambo. Mapigo ya moyo hayajui kuficha.