POMBE NZURI HUANZIA GHALANI



Karibu kila kijiji cha Handeni na Korogwe kina mahali pa kunywea pombe. Pengine ni kilabu cha bati. Pengine ni mwembe tu na mabenchi mawili. Wapo kati yetu wasiokunywa kwa sababu ya dini, au kwa kupenda wenyewe, na wanafanya vema. Lakini asiyekunywa naye ana ndugu anayekunywa, na ana mahindi ghalani. Kwa hiyo habari hii inatuhusu sote.

Tutaeleza pombe hutokeaje, na pombe nzuri ina ladha gani. Mwisho tutaeleza jambo kubwa zaidi: kwa nini ulimi peke yake hauwezi kumlinda mnywaji.

KILABU SI KITU CHA JUZI

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaenea. Watu wakaletwa kufanya kazi, tuliokuwa tukiwaita manamba. Walitoka Songea, Iringa, Kigoma, Tabora, na wengine Msumbiji. Kila mmoja alikuja na lugha yake, ngoma yake, na pombe ya kwao. Ndiyo maana kilabu kimoja cha huku kwetu kinaweza kuwa na pombe za aina tatu au nne.

Bia ya chupa nayo ikatengenezwa Dar es Salaam. Hata hivyo vilabu havikufa. Kwa nini? Sababu ya kwanza ni bei. Ya pili, mkulima hupata nafaka na miwa karibu. Ya tatu, akina mama wengi wamelipia sare na madaftari ya watoto kwa fedha ya pombe. Na tangu zamani watu wa kijiji wamekutana kilabuni kuzungumza na kupatana.

Lakini kilabu ni biashara yenye sheria. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilitaka muuza pombe awe na leseni. Saa za kufungua na kufunga, na mambo ya usafi, muulizeni Afisa Mtendaji wa kata yenu.

POMBE HUTOKEAJE?

Watu wengine hudhani pombe hutokana na moto. Sivyo. Moto hupika uji tu. Kazi ya kufanya pombe ni ya chachu. Chachu ni viumbe hai wadogo mno, macho hayawaoni. Wanakula sukari, na wakishakula wanatoa vitu viwili: kileo na hewa. Hewa hiyo ndiyo inayofanya povu. Ukisikia pipa linanong'ona usiku, basi chachu wako kazini.

Sasa, mahindi na mtama havina sukari nyingi. Vina wanga. Sukari itatoka wapi? Hapa ndipo wazee wetu walipoonyesha maarifa. Waliloweka nafaka, wakaiacha ichipue, wakaianika juani, wakaisaga. Hicho ndicho kimea. Mbegu inapochipua hujitengenezea dawa ya kugeuza wanga kuwa sukari. Kimea kikitiwa katika uji vuguvugu, uji unakuwa mtamu. Ukinywewa mapema ni togwa, hata mtoto anakunywa. Ukiachwa, chachu wakaula ule utamu, basi ni pombe.

Kumbe basi kimea hakitiwi katika uji unaochemka. Moto mkali huua ile dawa. Mpishi mzoefu hugusa chungu kwanza.

TUONJE KWA AKILI

Pombe za kwetu hazifanani. Tueleze tatu.

Boha ni pombe ya miwa. Hupatikana zaidi penye maji, kama mabonde ya Korogwe. Miwa hutwangwa au hukamuliwa, na maji yake huachwa yachachuke. Boha nzuri ukiionja, kwanza unasikia utamu wa muwa. Halafu uchachu unafuata, na mwisho uchungu kidogo unabaki kooni. Ikiwa tamu tupu, bado ni mbichi na itakusokota tumbo. Ikiwa kali kama siki, imepitwa na wakati.

Kangara ni pombe ya mahindi iliyotiwa kimea, pamoja na sukari au asali. Ni nzito, na rangi yake ni ya udongo. Kangara nzuri ina harufu ya mkate na ya nafaka iliyokaangwa. Machicha yake hutulia chini ya kopo. Inashibisha, na hapo ndipo penye hatari, maana mnywaji hudhani amekula kumbe hajala.

Tembo la mnazi hutoka upande wa pwani. Hili halipikwi kabisa. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata kole la mnazi, na utomvu hutiririka katika kibuyu. Likiwa jipya ni tamu, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa maji. Saa chache baadaye linawasha ulimi. Kesho yake limekuwa kali, na likizidi kukaa ni siki ya kutilia kachumbari. Kwa hiyo tembo linalosafirishwa hadi Handeni hubadilika njiani. Anayelinywa Handeni hanywi lile lile lililogemwa asubuhi.

Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukumbuke methali hiyo kwa maana yake kamili. Maji yanayoongezwa hayapunguzi ladha tu. Kama ni maji ya bwawani yasiyochemshwa, yanaweza kuleta kuhara au kipindupindu.

Pua na ulimi vitakuambia mambo mengine pia. Harufu ya mafuta ya taa inaonyesha pipa halikufaa. Ladha ya chuma inatoka katika ndoo au pipa la bati, kwa sababu uchachu wa pombe hula madini ya bati hilo. Harufu ya uvundo, kama ya ghala lililovuja, ni ya nafaka iliyoota ukungu. Ukiisikia, weka kopo chini.

PALE ULIMI UNAPOSHINDWA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mara nyingi tunasikia maneno haya vijijini: "Mahindi haya yameoza, hayafai kwa ugali. Basi tupikie pombe." Ndugu zetu, maneno hayo yameua watu.

Mwezi wa Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, jimbo la Tete huko Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani. Watu 75 walikufa, na wengine zaidi ya 100 waliugua. Mama aliyeipika alikufa pia. Mwanzoni watu walisema ati pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Wakashukiana. Lakini wataalamu walipopima, hawakukuta nyongo ya mamba. Walikuta sumu iliyotengenezwa na vijidudu katika unga wa mahindi ulioharibika. Mama yule hakuwa mchawi. Alitumia unga mbovu, na yeye mwenyewe hakujua.

Jambo la pili lilitokea hapa nchini. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao walikufa. Manyara ni jirani wa mkoa wetu wa Tanga. Sababu ilikuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine. Hawa hawakuuawa na pombe, ila na chakula chao cha kila siku. Lakini mahindi ni yale yale. Yakiua katika ugali, hayawezi kuwa salama katika pipa.

Sumu hizi mbili zina tabia moja. Moto wa jikoni haziuogopi. Ukichemsha kutwa nzima, bado zipo. Tena hazina ladha wala harufu ya kuaminika. Uvundo tuliousema ni wa ukungu wenyewe, na ukungu ukishaondolewa sumu inaweza kubaki. Hapa mnywaji hodari kuliko wote hawezi kujua kitu.

Gongo ni habari nyingine. Imekatazwa na sheria, na watu wengine huiongezea spiriti ya viwandani. Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe yenye spiriti ya namna hiyo, na wengine wakawa vipofu. Hii nayo ulimi hauitambui.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tukaushe mahindi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Kuna njia rahisi ya kupima. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo. Funga, tikisa kwa dakika chache, halafu acha itulie robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani.

Pili, mahindi yenye ukungu yasiende popote. Yasiende kwenye pombe, wala kwa kuku, wala kwa ng'ombe, maana sumukuvu hupita hata katika maziwa. Yafukieni. Tunajua inauma kufukia jasho lako. Lakini kufukia mtu kunauma zaidi.

Tatu, mpishi asitumie mapipa yaliyokuwa na dawa ya pamba au mafuta. Hata yakioshwa mara kumi hayafai.

Nne, mwenye kilabu achemshe maji anayoongeza, aoshe makopo kwa sabuni, na aache madirisha wazi. Kifua kikuu huenea kwa hewa katika chumba kilichofungwa.

Tano, mtu akinywa kisha akatapika sana, au macho yakawa ya manjano, au akaona giza, msimwache alale ati atalevuka. Mpelekeni zahanati mara moja, na sampuli ya pombe ile ichukuliwe. Wengine waliokunywa nao waambiwe.

Mnywaji naye ana kazi yake. Kabla ya kuuliza bei, muulize mama: "Mahindi haya umeyatoa wapi?" Mama mwema hatakasirika. Atakuonyesha gunia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kimea hakitiwi katika uji unaochemka?
2. Utaijuaje boha iliyo mbichi, na ile iliyopitwa na wakati?
3. Kijijini kwenu mahindi yenye ukungu hupelekwa wapi? Nani huamua?
4. Fanyeni jaribio la chumvi na chupa kwa mahindi ya nyumba tatu. Andikeni mliyoyaona, kisha mwonyesheni bwana shamba au bibi shamba wenu.